Risasi Iliyofungwa Kamba

Ukikaa ufukweni Bujumbura jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, ukaagiza mukeke wa kuchoma kwa ndizi, utaletewa mezani samaki mwenye jina la mpima maji. Kigoma wanamwita mgebuka. Sisi huku tunasema mukeke, na hilo halina mjadala. Wataalamu wamemwandika Lates stappersii, na huyo Stappers hakuwa mvuvi wala mpishi. Alikuwa daktari wa Kibelgiji, Louis Stappers, aliyezunguka Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru kati ya mwaka 1911 na 1913 akikusanya viumbe na kuteremsha uzi majini kutafuta ulipo mwisho. Alipata mita 1,435. Kipimo kinachotumika leo ni mita 1,470, maana yake alipungukiwa na mita 35 tu katika ziwa linalozidiwa kina na Baikal peke yake duniani.

Nimeanza na samaki kwa sababu ndiye anayejulikana. Kisa chenyewe kinaanzia mbali na hapa, baharini Dar es Salaam, kwenye meli ndogo ya wanamaji wa Ujerumani iliyoitwa Möwe. Kwa Kijerumani neno hilo ni yule ndege wa pwani, shakwe. Kazi ya meli hiyo ilikuwa kupima pwani. Haikuwahi kuliona Ziwa Tanganyika, na isingeweza kulifikia, lakini nahodha wake na mabaharia wake walikuja kuyatawala maji haya kwa karibu mwaka mmoja na nusu, kutoka Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, hadi Kasanga kule kusini.

Möwe ilishushwa majini mwaka 1906. Ilikuwa na tani zipatazo 650, chini ya nusu ya meli ya Liemba ambayo wazee wa Bujumbura waliizoea gatini, na ilibeba watu wapatao mia moja. Katika daftari za jeshi ilihesabiwa manowari, na ilikuwa na vizinga vidogo vya kuonyesha kwamba ni manowari kweli. Lakini risasi yake iliyofanya kazi kila siku haikupigwa kwa baruti. Ilifungwa kamba na kuteremshwa majini.

Mabaharia wa pwani wanaiita bildi. Ni pande refu la risasi lenye kishimo kwa chini, na kishimo hicho hujazwa shahamu. Bildi ikigusa chini, shahamu hunasa kilichopo: mchanga, tope, vipande vya kome, chembe za matumbawe. Ikipanda mikono mitupu na shahamu imekwaruzwa, hapo pana mwamba. Kamba yenyewe ina alama za ngozi na vitambaa vya namna mbalimbali, ili anayeishika ajue kwa vidole, hata usiku, ni kiasi gani kimeshuka. Waingereza walihesabu kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao wao waliukata kuwa futi sita kamili. Wajerumani walikwisha hamia kwenye mita. Bildi haikujali.

Kazi kwenye meli za namna hii ilifanana dunia nzima, na sidhani kama kuna kazi ya kijeshi yenye hadithi chache zaidi za kusimulia nyumbani. Kwanza watu hushuka nchi kavu kusimamisha alama: nguzo iliyopakwa chokaa, bendera juu ya mbuyu, chochote kitakachoonekana kutoka majini. Nafasi za alama hizo hupimwa kwa pembe, pembetatu ikizaa pembetatu, hadi zote zifungamane na mahali palipothibitishwa kwa nyota. Ndipo mashua inapoteremshwa. Inakwenda kwa mstari ulionyooka kutoka ufukweni kuelekea nje, inageuka, inarudi kwa mstari mwingine sambamba na wa kwanza, kama mkulima anayepiga matuta. Omoni amesimama mtupa bildi. Nyuma yake maofisa wawili wenye sekstanti wanapima kwa wakati mmoja pembe mbili baina ya alama tatu za pwani, na karani ameinamia daftari. Bildi inagusa, namba inaitwa kwa sauti, pembe zinasomwa, saa inaandikwa. Mashua inasogea kidogo. Tena. Kutwa nzima, juani, kwa wiki nyingi, ili ipatikane karatasi moja yenye namba ndogondogo ambazo msomaji wa kawaida hatazitazama mara mbili.

Halafu kuna taabu ya maji yenyewe kutotulia. Dar es Salaam wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo pima tano za saa nne asubuhi si pima tano za saa kumi jioni. Ndiyo maana mtu mmoja huachwa pwani, akitazama mti wenye namba uliosimikwa majini na kuandika kila baada ya dakika kadhaa maji yamefika wapi. Jioni, vipimo vyote vya mashua hupunguzwa kwa hesabu za yule wa mtini mpaka viwe kana kwamba vilichukuliwa saa ile bahari ilipokupwa kabisa. Nahodha anayesoma ramani anataka kujua maji yakiwa machache zaidi yatakuwa kiasi gani. Yakizidi, ni faida yake. Ukiniuliza ni nani mtu muhimu kuliko wote katika meli ya upimaji, nitakuonyesha huyo aliyekaa peke yake kwenye kivuli cha mkoko na kalamu ya risasi. Akisinzia yeye, ramani nzima inadanganya.

Manahodha wa majahazi walikuwa na elimu hii yote vichwani kabla ya Mzungu yeyote kufika. Walijua fungu lipi linahama baada ya kusi, mlango upi unapitika maji yakijaa, mkondo unageuka lini. Lakini elimu ya kichwani inakaa na mwenyewe. Ukitaka kuingia bandari yake lazima umwombe, umlipe, au umteke. Ramani inamwezesha mgeni kuingia usiku bila kumuuliza mtu, na ndiyo sababu wafalme wa mbali walikubali kulipia wiki hizo zote za jua. Kapteni William Owen wa Uingereza alipita pwani yetu kati ya mwaka 1822 na 1826 na meli Leven na Barracouta, homa ikamwulia mabaharia wengi, na katikati ya kupima kwake, mwaka 1824, akautangaza mji wa Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza bila serikali yake kumtuma. London ilikataa miaka miwili baadaye. Mtu aliyekuja na kamba alikuwa amekwisha jikuta na bendera mkononi.

Möwe nayo iliacha kazi moja iliyozaa mambo makubwa. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepima delta ya Rufiji, ile mikono mingi ya mto inayojigawa ndani ya mikoko kusini ya Dar es Salaam. Vita vilipoanza, manowari Königsberg ilihitaji mahali pa kujificha, na nahodha wake alikuwa na karatasi iliyomwambia kwamba meli kubwa kama yake inaweza kupenya humo. Waingereza hawakuwa na karatasi hiyo. Mwezi Septemba 1914 Königsberg ilitoka mafichoni, ikaizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar, ikarudi zake mikokoni. Waingereza waliitafuta hadi mwishoni mwa Oktoba kabla ya kujua iko wapi, na haikuangamizwa mpaka Julai 1915, na kwa hilo ilibidi ziletwe meli maalumu zisizozama sana majini. Miezi kumi ya kuwasumbua wakubwa wa bahari, na sehemu ya sifa hiyo ni ya watu waliokuwa wakiita namba kwenye mashua.

Möwe yenyewe haikubaki kuyaona hayo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza Astraea ilisimama mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Katika purukushani za siku hizo Wajerumani walizamisha chelezo chao kwenye mlango wa bandari, na Möwe wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Meli iliyotumia maisha yake kuonyesha wengine mahali pasipo na kizuizi, ikageuzwa mabaki chini ya maji. Mabaharia walibaki nchi kavu, na silaha zao, bila chombo.

Hapo ndipo Bujumbura inapoingia. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huohuo, kilomita zipatazo 1,250 kutoka baharini. Kwa hiyo mkuu wa Möwe, Gustav Zimmer, na watu wake walipandishwa treni. Fikiria sura ya jambo lenyewe: mabaharia wa bahari ya chumvi, wenye mazoea ya bamvua na maji mafu, wanashuka stesheni ya mwisho na mbele yao kuna maji matamu yasiyo na kupwa wala kujaa, yaliyozingirwa na milima. Kikosi chao kiliendelea kuitwa kwa jina la Möwe, ingawa Möwe ilikuwa imelala chini ya bandari ya Dar es Salaam.

Walichokikuta ziwani kilikuwa kidogo. Palikuwa na Hedwig von Wissmann, meli ya moshi ya tani kama sitini, nao wakaifunga vizinga. Tarehe 22 Agosti, vita vikiwa na wiki tatu, ikavuka hadi Lukuga, Kalemie ya leo, na kuilemaza meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Novemba zikafuata meli mbili za Waingereza kusini, moja ikiwa ni Good News, ambayo iliingizwa ziwani miaka ya 1880 kwa ajili ya wamisionari. Baadaye Kingani, chombo cha forodha cha pwani, ikaletwa kwa treni. Mwezi Februari 1915 ikashushwa Graf von Götzen, iliyokuja kutoka Papenburg katika makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa Kigoma. Na mzinga mkubwa wa Götzen ulitoka wapi? Ulitolewa kwenye mabaki ya Königsberg kule Rufiji, meli ileile iliyojificha kwa ramani ya Möwe. Mambo haya yalizunguka yakarudi kwa wenyewe.

Kwa Usumbura, ambayo tangu miaka ya 1890 ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ziwa ndilo lilikuwa barabara. Treni haikufika huku wakati huo, na mpaka leo hatujaisikia honi yake mjini. Mizigo na askari walikuja kwa maji. Aliyeshika ziwa alishika tumbo la kituo chote cha kaskazini, na kuanzia Agosti 1914 mshikaji alikuwa mpima pwani asiye na pwani.

Upande wa pili nao wakaleta mpimaji. Safari ya Mimi na Toutou, zile boti mbili ndogo za Waingereza zilizoondoka nchini mwao Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa msituni Katanga kwa matrekta ya moshi na ng'ombe, zikaelea Mto Lualaba na kutokeza Lukuga mwishoni mwa Oktoba, imeandikwa vitabu na kutengenezewa hadithi kiasi kwamba sina haja ya kuirudia. Inanichosha kidogo kuona jinsi inavyosimuliwa kama mchezo wa wazungu wachache, wakati waliofyeka njia na kujenga madaraja msituni walikuwa maelfu ya Wakongomani wasioandikwa majina. Kinachonivuta mimi ni mtu aliyeiongoza. Geoffrey Spicer-Simson anakumbukwa kwa sketi aliyoivaa kwa sababu ya joto, kwa michoro mwilini, na kwa jina la Bwana Chifungatumbo ambalo Waholoholo wa Kalemie walimpa. Wanaosimulia wanasahau kazi yake ya kabla ya hapo. Kuanzia mwaka 1911 hadi vita vilipoanza alikuwa mkuu wa upimaji wa Mto Gambia, Afrika Magharibi. Bildi, sekstanti, daftari.

Basi katika ziwa hili wapima kina wawili walitazamana kwa darubini, mmoja Kigoma, mwingine Lukuga. Na ziwa walilokuwa wakilipigania lilikuwa halijapata ramani kamili ya kina chake. Stappers alikuwa amepita na uzi wake, na Mwingereza Cunnington kabla yake mwaka 1904 na 1905, lakini vipimo vyao vilikuwa vichache mno kwa ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 32,000.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, Waingereza wakaibatiza Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Götzen ilipotokea, Spicer-Simson alikataa kutoka kuikabili, na amelaumiwa kwa hilo hadi leo. Mimi simlaumu sana. Mzinga wa Königsberg ulikuwa unafika mbali kuliko chochote alichokuwa nacho, na kupima masafa ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Usumbura kwa njia ya nchi kavu, kutoka kaskazini, na ziwa likaacha kuwa na maana kwa Wajerumani. Mwishoni mwa Julai Götzen ikazamishwa na walewale walioiunda, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi kwa uangalifu. Wapimaji wanajua kwamba kitu kinachozamishwa mahali panapojulikana kinaweza kupandishwa. Kikapandishwa. Tangu Mei 1927 ni Liemba, na mpaka vita vyetu vya miaka ya 1990 vilipoikatisha, ilikuwa ikifunga kamba hapa Bujumbura.

Kuhusu Spicer-Simson kuna jambo moja ambalo filamu hazilisemi. Mwaka 1921 nchi za baharini zilifungua ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, ili ramani za mataifa yote zitumie alama zinazoelewana. Katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Chifungatumbo. Akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1937.

Nilipokuwa nikisoma haya, swali lililonirudia ni la yule mtu wa mtini. Ziwa halina bamvua, kwa hiyo mtu angedhani mpimaji anapumzika. Kumbe ziwa letu lina mwendo wake, wa polepole na wa hatari zaidi, na waliotangulia kuugundua walikuwa mabaharia.

Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutazama kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Walipolala, kusini kidogo mwa Bujumbura, pana jiwe la Mugere lenye tarehe 25 Novemba 1871, na watalii hupiga picha hapo. Ila swali lilibaki: kama mito yote inaingia, maji yanatoka kupitia wapi? Mwaka 1874 luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Verney Lovett Cameron, alikodi mitumbwi miwili Ujiji, akafuata ufuko wa kusini akichora, na Mei akafika Lukuga, mlango uliozibwa na majani na tope. Miaka michache baadaye baharia mwingine, Edward Hore, aliyekuja Ujiji na wamisionari wa London mwaka 1878, aliukuta mlango huohuo umefunguka na maji yanakwenda kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka likalivunja zibo, na katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata likashuka takriban mita kumi.

Mita kumi! Mchoraji wa ramani ataianzishia wapi sifuri yake? Baharini unangoja saa sita, maji yanarudi. Hapa unaweza kungoja miaka. Kila mwaka ziwa hupanda na mvua na kushuka kiangazi kwa kiasi kisichofika mita moja, na hilo wavuvi wanalijua kama wanavyojua siku za wiki. Lakini nyuma ya mwendo huo upo mwingine wa miongo. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha hadi kilele cha mwaka 1964. Wajukuu wa waliouona mwaka huo walijenga chini, kwenye ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiacha. Aprili 2020 Rusizi ikavunja kingo zake Gatumba na maelfu wakahama. Ziwa nalo likaendelea kupanda, na mwaka 2024 maji yalikuwa ndani ya hoteli za ufukweni, ndani ya nyumba za Kibenga, na bandarini pia. Watu waliosema ziwa limewavamia walikuwa wamesahau kwamba mti wenye namba ulikuwepo siku zote.

Ramani ya kwanza kamili ya kina ililetwa na msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947. André Capart ndiye aliyechora, ikachapishwa mwaka 1949. Ilionyesha jambo ambalo macho hayawezi kuliona kutoka ufukweni: ziwa ni mabonde mawili yaliyoungana, la kaskazini lenye zaidi ya mita 1,300 na la kusini lenye zile mita 1,470, na kati yake kizingiti mbele ya Kalemie. Upande wetu, mwisho kabisa wa kaskazini, sakafu hupanda taratibu kwa sababu Rusizi imekuwa ikimwaga tope lake hapo kwa muda usiohesabika, na Ntahangwa, Muha na Kanyosha zinaongeza lao kila mvua zinapoibomoa milima. Ndiyo maana mwambao wa Bujumbura ni wa maji machache, na ndiyo maana bandari yetu haiwezi kuachwa bila kuchimbwa. Kusini, mbele ya milima, mtu anaweza kutupa jiwe kutoka ufukweni likaangukia kilindi.

Chombo kilichokuja baadaye na ambacho nakihesabu mrithi wa kweli wa Möwe hakikuwa cha kijeshi. Mradi wa utafiti wa ziwa ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Finland ulianza mwaka 1992, makao yake yakiwa hapa Bujumbura, na kuanzia mwaka 1995 meli yake, Tanganyika Explorer, ikazunguka ziwa zima safari baada ya safari. Tazama miaka yenyewe. Mjini mitaa ilikuwa inawaka, Buyenzi na Bwiza watu walilala wakisikiliza risasi, ile nyingine, isiyofungwa kamba; na majini kulikuwa na meli inayokwenda kwa mistari iliyonyooka, ikituma sauti chini na kusikiliza mwangwi. Hawakuwa wakitafuta sakafu. Mwangwi wao ulikuwa wa samaki: ndagala katika makundi yake, mukeke wakiwafuata, tabaka zinazopanda usiku na kushuka mchana. Nchi nne zenye ziwa hili zilitia saini mkataba wao wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka iliyotokana na mkataba huo ina ofisi zake Bujumbura. Kabla ya kugawana samaki, mtu alilazimika kuwahesabu.

Waliokuwa wameanza kuhesabu zamani wako bado kazini. Usiku usio na mwezi, ukitazama kutoka vilima vya Kiriri, ziwa huonekana kama mji wa pili wenye taa zake. Hizo ni timu za ndagala, ile mitumbwi iliyounganishwa, na pembeni yao wako wenye mtumbwi mmoja na uzi wa mkono wanaotafuta mukeke. Uzi una ndoana nyingi zilizofungwa manyoya, na mwishoni kipande cha risasi cha kuuvuta chini. Mvuvi anauachia kwa urefu wa mikono yake, akihesabu.

Hesabu yake haiendi mbali. Katika maji ya kaskazini hewa ya kupumua samaki huisha kwenye mita kama mia moja. Chini ya hapo ni giza lisilo na uhai wa samaki, hadi zile mita elfu moja na zaidi alizozitafuta Stappers. Kwa hiyo mvuvi hatafuti kugusa chini. Pima hamsini, hamsini na tano, anasimamisha uzi kwa kidole gumba, anaushikilia juu ya ukingo wa mtumbwi, na anangoja utikisike.